Digrii Kumi na Mbili

Mume wangu alifuga farasi thelathini na sita, na katika maisha yetu yote hatukuzoa kinyesi hata kiganja kimoja. Walikaa wote kwenye chumba cha matofali nyuma ya kiwanda cha chupa, wakinguruma kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, na Jumapili mmoja wao alikuwa akitoroka kuja kunywa maji kwenye pipa letu. Huyo mtoro nimemwongeza mimi. Wengine ni wa kweli. Mume wangu aliwapata kwa hesabu: hewa kiasi gani inaingia kwenye mashine kila sekunde, inabanwa mara ngapi, basi inataka nguvu ya farasi wangapi kuisukuma. Anaandika, anafuta, anaandika tena, halafu anarudi nyumbani kunitangazia, "Thelathini na sita."

Nami namwuliza, "Wa rangi gani?"

Kazi yake ilikuwa kubana hewa. Najua mtu akisikia hivyo anacheka, maana hewa ni ya bure na haijawahi kumkosea mtu. Lakini chupa za kiwandani hazipulizwi kwa mdomo. Zinapulizwa kwa hewa iliyobanwa mpaka presha yake iwe mara nane ya hii tunayovuta mimi na wewe. Hewa ikilegea, chupa inatoka imepinda shingo kama mtu aliyelalia mto mbaya. Ikikaza, inatoka wima. Chupa zote zilizosimama wima kwenye kabati za mtaa wetu, mume wangu ndiye aliyezisimamisha.

Tulijuana kwa pampu ya baiskeli. Nilikuwa msichana, tairi la baiskeli ya baba limekwisha upepo, nikaikokota mpaka kwa kijana aliyekuwa akijaza watu upepo nje ya geti la kiwanda, kabla hawajamwajiri ndani. Akapampu, akapampu, kisha akanishika kidole akakiweka kwenye ncha ya pampu. Nikaruka.

"Umeficha moto humo?"

"Sijaficha kitu. Hewa ukiibana inapata joto."

"Na ukiiachia?"

"Inapoa."

"Basi iachie, na mkono wangu uuachie."

Jioni niliwaambia dada zangu kwamba kidole kilitoa moshi nikakizima kwa mate. Miezi sita haikupita, tukaoana.

Kiwandani walimwita Sabini na Tatu. Jina lenyewe lilikuwa refu, Mia Mbili Sabini na Tatu, watu wakalikata kichwa. Fundi mzee aliyemfundisha mashine alimwachia maneno machache kabla ya kustaafu, na la kwanza lilikuwa hili: ukitaka kujua hewa itatoka na joto gani, usilichukue joto la kipimajoto likiwa uchi. Liongezee kwanza mia mbili sabini na tatu. Sifuri ya kipimajoto ni sifuri ya barafu, na barafu nayo bado ina joto lake ndani. Sifuri ya kweli, pale joto lilipokwisha kabisa, iko chini ya barafu kwa digrii mia mbili sabini na tatu. Aliponieleza hivyo nilimwambia huko nimeshafika: ni sebuleni kwa mama yake, siku aliyonipeleka kunitambulisha.

Mume wangu hakucheka kwa sauti. Alicheka kwa mabega. Ukiwa nyuma yake ungedhani analia.

Ukishaongeza mia mbili sabini na tatu, unazidisha kwa moja nukta sita moja sita. Hiyo ndiyo namba ya mashine yao, ya kubana mara nane, maji ya kuipoza yakiwa yanapita vizuri. Kisha unairudisha ile mia mbili sabini na tatu uliyoazima, na kinachobaki ni joto la hewa inapotoka. Likivuka mia mbili na ishirini, unazima. Mashine inalainishwa kwa mafuta, na mafuta kidogo huchukuliwa na hewa, yakagandia ndani ya bomba kama masizi ya sufuria. Ukivuka pale, masizi yanaweza kushika moto, na moto ulioshika ndani ya bomba la hewa iliyobanwa hauzimwi kwa ndoo.

Mtu atauliza: mbona asipime joto hukohuko linakotokea? Kipimajoto cha huko kilikuwepo, kikafa. Meneja alisema kingine kimeagizwa, na nadhani kilikuwa kinakuja kwa miguu, maana mpaka leo hakijafika. Kilibaki kimoja tu, cha mstari mwekundu, cha kupimia hewa inayoingia. Inayotoka, joto lake lilijulikana kichwani mwa mume wangu na kwa chaki yake ukutani.

Siku moja Meneja mwenyewe aliingia na kalamu kuwaonyesha wasiosoma. Akachukua ishirini na saba ya kipimajoto, akaizidisha hivihivi ilivyo, akapata arobaini na nne.

"Mnaona? Mnaizima bure mashine."

Pale ndani alikuwepo mtu wa kutia grisi, mnene, mpole, aliyeitwa Taratibu kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia. Alikuwa akisema neno moja kwa saa. Siku hiyo alitumia ya wiki nzima.

"Arobaini na nne, Meneja? Hayo si maji ya kumwogesha mtoto? Basi tushikie hilo bomba kidogo."

Meneja akaingiza mikono mfukoni akakumbuka ana mgeni ofisini.

Mimi sikusoma. Kila mchana nilimpelekea mume wangu chakula, na magoti yalipoanza kumsumbua akanifundisha namba za kipimajoto, moja moja, kama mtu anayetambulishwa kwa mashemeji. Huyu mwenye matumbo mawili ni tatu. Huyu mwenye kichwa kikubwa na mguu mmoja ni tisa. Nikawa mimi ndiye ninayezunguka nyuma ya ukuta saa saba u nusu, penye mdomo wa bomba linalovuta hewa. Nasoma, narudi, namwambia. Haikuruhusiwa mke wa mtu kuwa mle, lakini mlinzi alikuwa anapenda hadithi zangu.

Na hadithi ndizo zilizonipa jina. Mtaa mzima uliniita Chumvi. Mume wangu aliniita Chumvi yangu. Siku aliyonipa kazi ile ya kusoma alinishika bega.

"Chumvi yangu, wewe tia kila mahali. Tia kwa majirani, tia kwa mama yangu, tia hata kwa mlinzi ukipenda. Kwenye namba usinitilie."

"Sitatia."

"Sema tena."

"Sitatia kwenye namba, mume wangu."

Kwa miaka minne sikutia hata punje.

Mwaka wa tano Meneja alijenga tanuri jipya la kupozea chupa polepole, akalibandika palepale nyuma ya ukuta, hatua sita kutoka mdomo wa bomba. Kuanzia hapo mashine ikawa inavuta hewa iliyopita jikoni. Mume wangu alipiga hesabu yake kinyumenyume, kutoka mia mbili na ishirini kurudi mlangoni, akapata thelathini na mbili. Hewa ya kuingia ikizidi thelathini na mbili, anazima saa nzima, anaiacha mashine ipoe, halafu anafidia jioni. Siku za jua alirudi nyumbani sahani zimeshaoshwa.

"Tena hewa ya moto ni nyepesi," alinieleza. "Farasi ni walewale thelathini na sita, wanachoka vilevile, lakini hewa inayofika kwenye chupa ni kidogo. Kwa hiyo mashine haipumziki."

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Napumzika lini na huyu mke mwenzangu?"

Mabega yakatikisika. Ndivyo nilivyoiita mashine ile: mke mwenzangu. Nilikuwa natania. Nusu nilikuwa natania.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amezika watoto wachanga wawili. Wa tatu akaishi. Alijifungua katika mji mwingine, na siku ishirini baadaye akawa anapita kwetu akielekea kwa mumewe. Angefika saa nane, na basi lake lilikuwa linaondoka saa kumi na moja. Saa tatu tu za kumwona mjukuu aliyekubali kubaki. Asubuhi nilimshika mume wangu kola.

"Saa kumi uwe hapa."

"Mashine ikikubali."

"Mke mwenzangu ni mchawi, anajua leo kuna nini. Atakataa."

"Ikikubali, mama watoto, nitakuja mbio."

"Na magoti hayo?"

Nilipompelekea chakula mchana ule jua lilikuwa limekaa juu ya vichwa. Nikazunguka nyuma ya ukuta. Tanuri lilikuwa linavuma. Mstari mwekundu ulikuwa umesimama kwa tatu na tisa. Nikaukazia macho niuone ukishuka. Haukushuka. Nikahesabu kwa vidole: azime saa nzima, afidie jioni, afike nyumbani basi limeondoka. Na binti yangu asingepita tena mwaka huo.

Nilirudi ndani. Alikuwa amepiga goti moja, mikono imezama kwenye grisi, kichwa chini ya mashine.

"Ngapi?"

"Ishirini na saba."

Akatoa kichwa. "Mbona chini hivyo?"

"Kuna wingu. Na upepo umegeuka, unalipeleka joto la tanuri upande wa geti. Hata kanga imetaka kunivuka."

Wako waongo wanaosema neno moja wakakimbia. Mimi uongo wangu nauvisha mpaka viatu. Akajifuta mikono, akachukua chaki. Ishirini na saba, ongeza mia mbili sabini na tatu, mia tatu kamili. Mara moja nukta sita moja sita, mia nne themanini na tano. Ondoa ulichoazima: mia mbili na kumi na mbili. Akaipigia mstari chini.

"Leo imekubali," akaniambia, na uso wake ulikuwa wa yule kijana wa pampu.

Nilijiambia ni siku moja tu. Mtu huyu kwa uangalifu wake angeweza kubeba mayai kwenye mfuko uliotoboka. Mashine yake haiwezi kufa kwa siku moja.

Saa kumi ilipofika, zilikuwa bado zimebaki chupa za kumalizia. Taratibu ndiye aliyemwambia aende. "Kamwone mjukuu. Mimi nitazima." Mume wangu alikuja mbio kweli, magoti yote mawili yakilalamika. Alinawa mikono mara tatu ndipo akampokea mtoto. Alimshika kama kile kipimajoto cha mwisho, akamtazama bila kupepesa, akamwambia binti yetu, "Anavuta hewa vizuri." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Saa kumi na dakika arobaini ukaja mlio. Vikombe vilicheza mezani, na hapa sijaongeza kitu. Mtoto hakulia. Mume wangu alinipa mimi mtoto, hakumpa mama yake, akasema, "Hewa yangu." Akatoka bila viatu.

Bomba la kutokea lilikuwa limepasuka kwa moto wa ndani. Taratibu alikuwa amesogea karibu nalo. Hakukimbia; hakuwa mtu wa kukimbia. Walimtoa mwili umefunikwa turubai la kufunikia chupa.

Wakaja watu watatu kuchunguza. Ukuta ulikuwa bado umesimama na namba zake.

"Nani alisoma joto la kuingia?" waliuliza.

Mimi nilikuwa nje kwenye kundi la wanawake, dirisha liko wazi. Niliona mume wangu akitazama mlango, kisha akitazama viatu vyake.

"Mimi," akasema.

Alisema vile kunificha, kwa sababu sikuruhusiwa kuwa mle. Hakujua ananificha na jambo kubwa zaidi ya hilo.

Wale watatu waliirudia hesabu yake, wakakuta kuzidisha kuko sawa. Basi wakasema namba yenyewe, moja nukta sita moja sita, ni ya kuokota, haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha kiwanda. Mtu ameendesha mashine kwa namba ya kusimuliwa, na namba hiyo imeua. Wakamfukuza. Kuhusu tanuri hawakusema neno, na Meneja hakuwakumbusha.

Akarudi kwenye pampu ya baiskeli, kwenye kizingiti chetu, na kiti kifupi. Miaka ishirini na miwili. Watoto wa watu wakija na tairi anawajaza, lakini hakuna tena kidole alichokiweka kwenye ncha ya pampu. Asubuhi, kabla ya chai, anaandika kwenye ukuta wa chumba chetu cha kulala: ishirini na saba, mia tatu, mara moja nukta sita moja sita. Anatafuta kosa. Aliazima kitabu cha hesabu kwa mwalimu wa mtaa wa pili, akakikalia miezi minane, akaitengeneza namba ile upya tangu mzizi wake, ikatoka ileile. Akaanza kumshuku marehemu fundi wake.

"Labda yule mzee alinidanganya," aliniambia siku moja, chaki mkononi.

"Labda," nikasema mimi.

Nilisema labda. Mzee wa watu yuko kaburini, nami namwongezea udongo.

Kwa nini sikusema? Mwanzoni niliogopa kufungwa. Kisha niliogopa kuachwa. Kisha mwaka ukapita, na jambo ukiliacha mwaka linaota meno, ukilishika linakung'ata. Nikawa naongea zaidi kuliko zamani. Nilimwoza jirani kwa mamba. Niliwaambia watoto wa mtaa kwamba babu wa pampu aliwahi kubana upepo wa kimbunga akautia kwenye mtungi wa gesi. Watu walicheka mpaka wanakaa chini. Mume wangu alikuwa ananitazama akitabasamu kidogo, maana yeye pekee ndiye aliyejua kuwa mke wake ana mahali pamoja asipotia chumvi.

Mke wa Taratibu alikaa mtaa uleule, nyumba ya nne kutoka kisimani. Akituona anavuka barabara. Watoto wake walikua wanajua kwamba yule mzee wa pampu hesabu zake ziliua baba yao. Mume wangu kila alipomwona anasimama, hata akiwa na tairi mapajani, mpaka apite.

Kisha kifua kikamkamata. Hewa aliyoibana miaka yote ikawa yeye ndiye haipati. Daktari aliniita pembeni akaniambia nimpikie anachopenda, na mimi si mtoto, nikaelewa. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kitandani anahangaika kusimama. Alitaka chaki.

"Lala, mume wangu."

"Nimeiota. Kosa liko kwenye nukta. Nikiondoka sijalipata..." Pumzi ikamkatikia. "Nikiondoka sijalipata, nitamwambia nini Taratibu?"

Nikakaa chini sakafuni.

"Kosa haliko kwenye nukta."

"Unajuaje wewe?"

"Haikuwa ishirini na saba."

Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli akitaka kujaziwa upepo.

"Ilikuwa ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Chumvi."

"Sijatia. Tatu na tisa. Wingu halikuwepo. Upepo haukuwepo. Nilitaka umwone mtoto."

Akanyoosha kidole ukutani. Mkono ulikuwa hauwezi. Nikachukua chaki mimi, mimi nisiyejua kuandika jina langu. Lakini sura za namba zile nilizitazama miaka ishirini na miwili. Nazijua kuliko za ndugu zangu. Nikaifuta ishirini na saba kwa kiganja. Nikachora matumbo mawili, nikachora kichwa na mguu. Yeye akawa ananiambia, mimi naandika, anameza pumzi, ananiambia, naandika. Mia tatu na kumi na mbili. Mia tano na nne. Ondoa ulichoazima.

"Mia mbili thelathini na moja," alisema. Akaitazama kwa muda mrefu. "Ilivuka."

"Ndiyo."

"Digrii kumi na mbili ziliingia, kumi na tisa zikatoka. Kitu kidogo ukikibana hakibaki kidogo." Kisha akasema, na ilikuwa kama anajisemea, "Hii wewe huwezi kuitunga. Hujui kuzidisha."

Ndivyo mume wangu alivyoniamini. Si kwa sababu ya machozi yangu, kwa sababu ya hesabu.

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningeshukuru. Akasema, "Saa kumi ile Taratibu aliniambia bomba linanuka. Nilimwambia ishirini na saba, hesabu haidanganyi. Ndiyo maana alibaki." Akageukia ukuta. "Nenda kamwambie mkewe."

Nilijifunga kanga nikaenda. Nyumba ya nne kutoka kisimani. Mke wa Taratibu alikuwa anaanika nguo. Nilimwambia yote, nimesimama, mikono imening'inia, tangu saa saba u nusu mpaka tatu na tisa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akabana nguo ya mwisho kwenye kamba.

"Mumeo yu mahututi, nimesikia."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe umekuja kumwosha kabla hajafa."

"Dada, ni kweli."

"Chumvi! Wewe uliyemwoza jirani kwa mamba?" Hakupaza sauti. "Miaka yote hii hukukumbuka, leo anakata roho ndipo umekumbuka ni wewe? Mke mwema ni mke mwema, nakupa pole. Lakini mimi usinifanye mtoto wa kuhadithiwa. Nenda kamwangalie mgonjwa wako."

Akachukua beseni lake akaingia ndani.

Njiani nilikuwa na uongo tayari. Ulikuwa mzuri, umevaa na viatu: kwamba alilia, kwamba alisema yamekwisha, kwamba atakuja kesho na uji. Ningemzika mume wangu akiwa na uji ule moyoni. Nilifika mlangoni ukiwa ulimini.

"Amesemaje?"

Nikautazama ule ukuta.

"Hakuniamini."

Alinikodolea macho. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Miaka ishirini na miwili sikuwa nimeyaona yakitikisika vile. "Nani," akasema, "nani akuamini wewe..." Kikohozi kikampokonya kicheko, nikamshika, akakohoa mikononi mwangu mpaka akalegea. Sikujua kama amenisamehe. Siku nne zilizofuata aliniomba maji, aliniomba nimgeuze, aliniomba nifungue dirisha. Chumvi yangu hakuniita tena. Siku ya tano, saa sita mchana, hewa ikamkataa.

Mazikoni watu walikuwa wengi, wengi wao niliwajazia mbavu vicheko. Nikamwambia kila mmoja. Nilimwambia mlinzi wa zamani, akanipigapiga mgongoni. Nilimwambia binti yangu, akasema, "Mama, umechoka, kaa chini." Nyuma yangu nilimsikia mtu akimweleza mwenzake, "Alikuwa mtu mzuri, ila hesabu zake ziliua mtu."

Sasa wanataka kupaka chumba rangi. Nimesema ukuta ule usiguswe. Binti yangu ananilaumu kwamba nimemharibia marehemu kazi yake, kwamba palikuwa na ishirini na saba kwa mwandiko wake mzuri, nami nikachora minyoo yangu juu yake.

Juzi alikuja mjukuu wangu, yule wa siku ishirini, leo msichana mzima mwenye masomo yake. Alisimama mbele ya ukuta na simu mkononi akawa anabofya. Ongeza, zidisha, ondoa. Akabofya mara ya pili.

"Bibi, hii imekaa sawa kabisa. Mia mbili thelathini na moja. Nani kakufundisha?"

"Babu yako."

"Lakini hii thelathini na tisa ya kuanzia," akauliza, "wewe umeitoa wapi?"

Nikamwambia avute kiti. Akavuta, akakunja miguu, akanitazama vilevile anavyonitazama nikimwanzia hadithi ya wale farasi thelathini na sita, mdomo umeshaanza kucheka.